Kichupa kinashonwa juu ya wimbo: mwongozo kamili wa kushuti video ya muziki ukiwa Mtwara au Lindi

Madogo wengi wakinipigia swali lao la kwanza ni "bro unatumia kamera gani", afu ukishawajibu wanaenda kumlilia mzee awape hela ya korosho wakodi kamera kubwa Dar, inakuja kwa basi, wanashuti siku mbili na kichupa kinatoka kama video ya harusi. Kamera sio tatizo. Tatizo wameenda ufukweni hawaujui wimbo. Wanaujua kuuimba ndio, ila hawajaupima. Video ya muziki sio filamu iliyowekewa muziki nyuma yake, ni nguo, na fundi cherehani hakati kitambaa kabla hajakushika kiuno na mabega. Mimi nashuti hukuhuku kusini, Mtwara mjini, Mikindani, Msimbati, Lindi wakiniita naenda, na haya ntakayoandika mengi nimeyajua baada ya kuharibu kazi za watu.

HATUA YA 1: PIMA WIMBO

Chukua faili la mwisho kabisa kutoka kwa prodyuza. La mwisho, sio "hili ni demo ila halibadiliki sana bro". Nilishawahi kushuti na demo ya spidi ya biti 98 kwa dakika, wiki moja baadae studio wakaupandisha hadi 100 ili uchangamke, hakuna aliyeniambia. Tofauti ya biti mbili unaiona ndogo eh? Ukifika sekunde ya 60 midomo imeachwa nyuma na sauti kwa sekunde moja na zaidi kidogo, na kadri unavyoenda inazidi. Nilikaa siku tatu nakatakata kila mstari nausogeza. Sirudii.

Ukishapata faili, daftari na kalamu. Sikiliza uandike sekunde: intro inaanza ngapi inaisha ngapi, vesi, korasi, vesi ya pili, ile sehemu muziki unapozima kidogo kabla ya korasi ya mwisho. Afu piga hesabu. Wimbo wa biti 100 kwa dakika, biti moja ni sekunde 0.6. Biti nne, yani baa moja, ni sekunde 2.4. Ukishuti fremu 25, yani picha 25, kwa sekunde basi biti moja ni fremu 15 kamili, hapo kuediti kunakuwa raha maana unajua kabisa mkasi unaangukia wapi. Wimbo wa dakika 3 na sekunde 12 una baa 80. Ukikata mara moja kila baa unahitaji vipande 80 vyenye maana, sasa jiulize hizo picha 80 zinatoka wapi kama mpango wako ni "tutatembea ufukweni afu tutakaa kwenye boti".

Singeli hesabu ni nyingine kabisa. Biti inavuka 200, biti moja ni sekunde 0.3, ukikata kila biti mtazamaji anapata kizunguzungu kama kapanda mtumbwi siku ya kusi. Kata kwa baa, acha wachezaji ndio waende na biti.

HATUA YA 2: AMUA PICHA INAFANYA NINI NA MANENO

Vichupa karibu vyote vina vitu vitatu vilivyochanganywa: msanii anaimba mbele ya kamera, stori inayoigizwa, na wazo tupu, yani picha za ajabuajabu zisizo na stori. Kwa bajeti zetu mimi nasema kuimba kubebe zaidi ya nusu. Stori ni ghali, inataka waigizaji, na muigizaji mbovu mmoja anaua wimbo mzuri.

Kisha angalia mashairi. Mstari ukisema "nimekungoja bandarini hadi jua limezama" una njia tatu. Unaweza kuonyesha hichohicho, msanii kakaa kwenye gati jua linazama. Sio dhambi, watu wanapenda kuona walichosikia, ila ukifanya hivyo wimbo mzima inakuwa kama kitabu cha chekechea. Pia unaweza kuongeza kitu ambacho maneno hayajasema: anangoja, lakini viatu alivyovaa ni vya kike, vya huyo anayemngoja. Sasa mtu anauliza, huyu dada amekufa au ameondoka tu? Ya tatu ni kwenda kinyume, maneno ya huzuni huku picha ni harusi. Hii ya tatu ni tamu ila inataka mkono wenye uzoefu, na usiitumie zaidi ya mara moja kwenye wimbo.

Kila muziki una desturi zake na mtazamaji anazijua hata kama hawezi kukutajia. Hiphop: kamera iko chini inamwangalia msanii juu, lenzi pana karibu na uso, washkaji nyuma yake, mikono inaongea. Bongo Fleva ya mapenzi: video kwini, yani mrembo wa kwenye video, nyumba nzuri, nguo tatu nne, klozapu nyingi, yani uso umejaa skrini. Taarab: kamera imetulia, mwimbaji na magauni yake, watu wanakuja kumtunza. Kwaya: sare, mistari, hatua za pamoja. Unaweza kuvunja desturi, ila ijue kwanza. Klozapu peke yake ndio haivunjwi popote. Hii ni biashara ya sura, msanii mchanga anataka mtu amwone Chikongola sokoni amtambue. Kwenye kila korasi uso wake ujae kwenye kioo angalau mara mbili.

HATUA YA 3: LOKESHENI, JUA NA MAJI

Hapa ndio pa kusoma taratibu maana mafunzo ya YouTube hayakuambii habari za pwani yetu.

Kila mtu anataka picha ya jua linazama baharini. Bahari yetu iko mashariki bana! Jua linatokea baharini, linazama kwenye mikorosho. Nimeshaona crew nzima imekaa ufukwe wa Shangani saa 11 jioni inangoja jua lishuke kwenye maji na lenyewe liko mgongoni mwao. Si tunasema wenyewe Mtwara kuchele, yani kumekucha? Basi amka kabla hakujakucha. Saa 11 alfajiri uwe umeshafika, msanii keshavaa, spika imeshajaribiwa, maana ule mwanga laini wa dhahabu unao kama dakika 40 tu baada ya jua kuchomoza hiyo saa 12. Ukitaka machweo juu ya maji nenda Lindi, vuka ghuba kwa boti kwenda Kitunda, geuka uangalie mji. Jua linashukia upande wa mji na maji yanakuwa mbele yako.

Saa 5 hadi saa 9 mchana usishuti uso juani. Jua liko utosini, macho yanakuwa mashimo mawili meusi, na mchanga wa Msimbati ulivyo mweupe kamera inachanganyikiwa inamfanya msanii kuwa kivuli. Kama lazima, gusa uso wake kwenye skrini ufunge mwanga hapo, anga likiwa jeupe acha liwe. Halafu mtu ashike shuka jeupe chini ya kifua chake kurudisha mwanga usoni, au ile karatasi ya kung'aa wanayowekea kioo cha gari, ila hiyo iwe mbali maana inamfanya akunje uso. Wengine wanakimbilia chini ya mkorosho. Mkorosho ni lokesheni nzuri sana, matawi yamelala chini, mashina yamejipinda, ila jua linapenya kwenye majani linampiga madoadoa usoni kama chui. Ingia ndani kabisa penye kivuli kizito, umgeuzie uso upande ulio wazi, mwanga unaingia kwa ubavu, hapo hata simu inatoa picha ya pesa.

Sasa maji. Siku moja tulianza kama saa 4 asubuhi, maji yametoka mbali, mtumbwi umelala mchangani, msanii amekaa ubavuni mwake anaimba vesi ya kwanza. Safi. Tukala, tukapumzika, tukabadili nguo, saa 9 tunarudi kumalizia vesi ya pili palepale na mtumbwi unaelea! Ilikuwa bamvua. Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu maji yanatoka sana kama saa 4 asubuhi na yanajaa sana kama saa 10 jioni, na kila siku yanachelewa kama dakika 50 hivi. Mvuvi yeyote angeniambia, sikuuliza. Tulichofanya, vesi ya kwanza yote ikabaki mchangani, ya pili yote majini, na kwenye ule mzimo wa kabla ya korasi nikaweka klozapu ya maji yanagusa kisigino. Watu wakasifia eti dairekta ana akili. Kwahiyo kama hutaki mshangao shuti siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, hayaendi mbali wala hayaji mbali.

Nje ya bahari tuna vitu wenzetu hawana. Majengo ya zamani ya Mikindani na ile boma ya Wajerumani ya 1895, milango, kuta zilizomenyeka, hizo kuta zinakula mwanga wa jioni vizuri mno. Mawe makubwa ya Masasi. Newala ukisimama ukingoni unaona bonde la Ruvuma lote chini. Kilwa Kisiwani na magofu yake, iliyoingia urithi wa dunia wa UNESCO 1981, huko lakini kuna kibali na ada, usijipenyeze na spika. Shida ya lokesheni nzuri ni kwamba unataka kuzitumia zote. Chukua mbili. Tatu kama una gari. Unaweza kuzunguka mikoa miwili ukarudi na postikadi badala ya video.

HATUA YA 4: VIBALI NA WATU

Mwenyekiti wa mtaa aonwe kabla ya siku, sio asubuhi hiyohiyo. Bandari, uwanja wa ndege, mitambo ya gesi, kambi na mpakani usielekeze kamera kabisa, na droni inataka kibali cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, usije ukasema hukuambiwa. Halafu droni yenyewe mnaipenda kupita kiasi, shoti moja mwanzo na moja mwisho inatosha, juu huko uso wa msanii hauonekani na pwani zote zinafanana. Msanii mwenyewe awe amesajiliwa BASATA, baraza la sanaa la taifa, na mkumbuke wimbo na video vimeshawahi kufungiwa nchi hii kwa ajili ya maadili, kwahiyo nguo na vitendo mzungumze mapema.

Mikindani nilikuwa nataka baraza ya nyumba moja, mzee amekaa mlangoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hiyo mitambo ya nini?"

"Tunapiga video ya wimbo mzee, wa huyu kijana hapa."

"Wimbo wa matusi?"

"Hapana mzee, wa mapenzi tu wa kawaida."

Akamwangalia dogo juu hadi chini. "Mtoto wa nani wewe?"

Dogo akataja jina la babu yake. Basi, tukapewa baraza, tukapewa na mkeka, na wajukuu wakafukuzwa wasipite nyuma ya kamera. Bila lile jina la babu tungekuwa tunabishana hadi jua lizame. Adhana ikianza zima spika, usisubiri kuambiwa. Na kama unataka ngoma, sindimba ile inabeba video, tafuta kikundi, waone wazee wao, walipe vizuri na uandikishane nao kwamba wamekubali kuonekana. Ila mambo ya unyago na jando waache wenyewe, hayo sio mapambo.

HATUA YA 5: SIKU YENYEWE

Spika ndio kiungo namba moja, kabla ya kamera. Iwe kubwa, ina chaji, na wimbo uwe ndani ya simu mbili tofauti, maana sehemu kama Msimbati usitegemee kudaunlodi kitu. Mwanzo wa faili weka bipu nne za kuhesabia ili msanii ajue anaingia wapi, nawe kwenye kuediti unazitumia kulinganisha. Kamera irekodi sauti hata kama ni mbaya, ile sauti ya spika ndio itakayokuonyesha wapi pa kuoanisha.

Mwambie msanii aimbe kwa sauti kweli. Wengi wanachezesha midomo tu na inaonekana, shingo haina mishipa, kifua hakipandi, lipsinki inakuwa ya samaki. Aimbe hadi akauke koo, maji ya kunywa yawepo.

Kanuni yangu: kila lokesheni msanii anaimba wimbo wote mwanzo mwisho, kwa pembe tatu. Shoti pana miguu hadi kichwa, ya kiunoni, halafu klozapu. Kila moja mara mbili. Lokesheni mbili kwa hesabu hiyo ni mizunguko 12, na kwa wimbo wetu wa 3:12 umerekodi kama dakika 38 tu, ingawa kwa kupanga na kufuta jasho itakula masaa manne. Usimkatize akikosea mstari, aendelee, mzunguko mwingine utaziba. Hivi ndivyo inavyowezekana msanii kubadilika nguo katikati ya sentensi na hakuna anayeshangaa, ni desturi ya kichupa, kwenye filamu wangekuzomea.

Mipangilio kwa ufupi. Kamera fremu 25, shata (muda kamera inapokea mwanga kwa kila picha) 1/50 ya sekunde, na ukiwa juani lenzi ivae filta ya ND, ile miwani yake ya jua, la sivyo picha inaungua. Simu nyingi zina 30 na 60 tu, sawa, tumia 30, ila ukiingia ndani kwenye taa za umeme shata weka 1/50 au 1/100, maana umeme wetu ni hezi 50 na shata ya 1/60 inaleta ile mistari ya taa kuchezacheza ambayo kuiondoa kwenye kuediti ni shida. Memori ya GB 64 kwa video ya 4K ya megabiti 100 kwa sekunde inachukua kama saa moja na dakika 20. Simu ikichemka iweke kivulini, usiitie kwenye kuliboksi la soda kama alivyofanya mtu namfahamu.

Slo mosheni ambayo midomo inaenda sawa na wimbo, hili ndio swali naulizwa kuliko yote. Siri ni kwamba siku ya kushuti unaupiga wimbo HARAKA. Unashuti fremu 50, utazicheza kwa 25, yani picha itakuwa nusu ya spidi, kwahiyo spika ipige wimbo mara mbili ya spidi na msanii aimbe kwa spidi hiyo. Ukija kuipunguza midomo inarudi kwenye wimbo wa kawaida, ila nywele, kanga na mawimbi vinaelea kama ndoto. Kwa simu ni hivyohivyo, 60 kwa 30. Andaa hilo faili la haraka nyumbani, afu msanii afanye mazoezi siku mbili kabla, na uchague korasi au mistari mirefu ya kuvuta, maana vesi ya kurap kwa spidi mara mbili atajing'ata ulimi. Ukiona spidi mara mbili inamshinda kabisa, shuti 30 uichezee kwenye 25, wimbo unapigwa asilimia 120 tu, inaelea kidogo na inatosha.

Mizunguko ikiisha ndio upige shoti za kujazia: mikono inabangua korosho, nyavu, kisigino kwenye mchanga, moshi wa jiko, kanga inapepea, macho tu. Piga 30, kila moja sekunde 5, zitakuokoa. Na futa lenzi kila saa, chumvi ya bahari inajenga ukungu ambao kwenye skrini ndogo huuoni, utauona nyumbani ukiwa umeshachelewa.

HATUA YA 6: KUEDITI

CapCut, DaVinci Resolve, Premiere, yoyote. Weka wimbo msafi wa studio chini, panga mizunguko yote 12 juu yake moja moja ukioanisha na zile bipu, kisha zima sauti zote za kamera. Sasa weka alama kwenye kila mwanzo wa baa. Mkato wa kwanza tumia kuimba tu, bila stori bila droni, uangalie mwanzo mwisho. Ukichoka kuangalia kabla ya dakika ya pili basi kuimba hakukubeba, na stori haitakuokoa. Vesi kata taratibu, korasi kata haraka, kwenye mzimo usikate kabisa, acha uso peke yake hadi ngoma irudi. Na usikate kwenye kila biti ya wimbo mzima kama mashine ya kushonea magunia, mara nyingine kata kwenye neno, au pale jicho linapogeuka.

Rangi: kwanza shoti zote zifanane, ndio upake mtindo. Ngozi ya msanii iwe ngozi yake, hizi filta za kumfanya mtoto wa Newala awe wa rangi ya chungwa mimi sizielewi.

HATUA YA 7: KUTOA NA KUTUMA

Toa faili la aina ya H.264, ukubwa wa 1080p, YouTube wanapendekeza megabiti 8 kwa sekunde kwa fremu za kawaida, mimi naweka 16 kuwa salama. Toa na kipande cha wima cha korasi, sekunde 20 hivi, na hicho ulipaswa ukifikirie siku ya kushuti, uso uwe katikati ili ukikata pembeni usimkate sikio. Iangalie kwenye simu ya bei rahisi mwanga ukiwa nusu, ndio simu ya wateja wako wengi.

Kumtumia msanii usitume kama video WhatsApp, inabanwa inakuwa uji, tuma kama dokumenti au kwa Google Drive, ngoja bando la usiku. Na kabla hujatuma bakisha kopi kwenye diski mbili, moja isilale nyumba moja na nyingine.